Mji Utakapofika Migungani

Baba yetu alijenga vyumba vya kupangisha mahali pasipo na mpangaji. Niliseme hilo mapema, maana watu wa Migungani walilicheka mpaka wakachoka, na mimi nililicheka kuliko wote, na sasa sitaki mtu mwingine alicheke.

Kijiji chetu kiko kusini-magharibi mwa Dodoma, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa pikipiki kama mvua haijakata njia. Kuna shule ya msingi, kanisa ambalo kengele yake ni rimu la lori, kisima cha pampu ya mkono, na migunga iliyokipa kijiji jina. Baba, Mzee Batholomeo, alizaliwa hapo. Alikuwa kijana anayechunga ng'ombe wa baba yake wakati serikali ilipotangaza kwamba makao makuu yatahamia Dodoma. Katika siku hizo alipita mpima ardhi mmoja, akaomba maji ya kunywa, akapewa maziwa. Alipomaliza alipangusa mdomo, akaangaza macho huku na huku, akamwambia baba asije akaiuza ardhi ile hata kidogo, kwa sababu mji utafika hapa. Mimi nadhani bwana yule alikuwa anashukuru maziwa tu. Baba aliyapokea maneno yake kama mtu anayekabidhiwa hati.

Mji haukufika. Tulizaliwa mimi na dada yangu, tukasoma, tukaondoka, na bado pori likabaki pori. Kisha ikaja miaka ile serikali ilipohama kweli, wizara moja baada ya nyingine, na baba akaona wakati wake umetimia. Akavunja tembe, akabakiza pembe moja tu ya kulala yeye na mama.

Kwa asiyeijua, tembe ndiyo nyumba yetu Wagogo: ndefu, ya kimo kifupi, paa lake bapa la udongo, imepinda kona na kulizunguka zizi, ng'ombe wakilala katikati na watu pembeni. Baba alikuwa amekuja kunitembelea Chang'ombe, Dodoma mjini, nilipokuwa nimepanga, akaona vyumba vinatazamana na ua katikati, akarudi nyumbani akiwa ameridhika kwamba watu wa mjini nao wanakaa kwenye tembe, ila wao wameezeka kwa bati. Basi akajenga vya kwake hivyo hivyo. Tofali za kuchoma, milango yote ikitazama ndani, na katikati akaliacha zizi lake na ng'ombe wake. Nilimwambia mtumishi wa wizara hawezi kutoka asubuhi na viatu vyake vinavyong'aa akaianza siku kwa kukanyaga samadi. Akanijibu kwamba mtumishi wa wizara anakunywa chai ya maziwa, sasa hayo maziwa anataka yatoke wapi. Majirani walimpachika jina la Mzee Wapangaji, naye akawa anaitika bila kinyongo.

Mimi ni fundi ujenzi, jina langu Filipo. Nimejenga Iyumbu, nimejenga Nzuguni, nimejenga Ihumwa, na kila nyumba niliyoijenga ilipata mtu kabla rangi haijakauka. Kuta za baba, alizozipandisha kidogo kidogo kila alipouza alizeti, zilifika kwenye lenta, juu ya milango, zikaishia hapo, bila mbao za kenchi wala bati, mbuzi wakiingia na kutoka watakavyo. Mara nyingi aliniomba nije nimsaidie kuezeka hata kimoja. Nikawa namwambia nitakuja, baba, nikimaliza saiti hii nitakuja.

Dada yangu Evarista ndiye aliyesoma. Alichukua takwimu chuo kikuu, na sasa yuko kwenye ofisi inayoandaa mpango wa jiji pamoja na vijiji vinavyolizunguka. Kazi yake ni kukadiria watu: miaka ishirini ijayo watakuwa wangapi, wataongezeka wapi na watapungua wapi, ili wanaopeleka maji na shule na barabara wajue pa kuanzia. Krismasi moja alimweleza baba jinsi inavyofanyika. Unachukua waliopo leo, akasema, unaongeza watakaozaliwa, unatoa watakaokufa, unaongeza watakaohamia, unatoa watakaohama. Baba alisikiliza kwa makini, lakini katika yote hayo aliondoka na watakaohamia peke yao. Tangu siku hiyo alimchukulia Evarista kuwa mtu anayewaona wageni wakiwa bado njiani.

Kila dada akimpigia simu, salamu zikiisha tu, baba anauliza, "Wamefika wapi?" Dada anajibu wamefika Nkuhungu. Mwaka mwingine anajibu wamefika Nala. Hakuwa anadanganya, mji ulikuwa umefika huko kweli. Ila baba alikuwa anasikia habari za watu wanaokuja kwake, Evarista alilijua hilo, akanyamaza, maana mzee alikuwa akizipokea habari zile kwa furaha mpaka sauti inabadilika.

Wakati huo Migungani penyewe palikuwa panapwaya. Vijana walikwenda Makutupora kuchuma zabibu, msimu wa kwanza wakarudi na redio na magodoro, misimu iliyofuata wakawa wanatuma salamu. Darasa moja la shule likafungwa kwa kukosa watoto. Nyumba ya jirani yetu wa upande wa kisimani iliangukiwa na paa lake na hakuna aliyekuja kuliinua. Baba alipita hapo kila siku akienda kunywesha mifugo, na sidhani kama aliwahi kusimama kuitazama.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mama akanipigia simu. Mama yetu Emiliana si mtu wa simu, akiwa na neno humtuma katekista. Akasema baba yenu amemwita mchuuzi wa ng'ombe. Anataka kuwauza wote, hata dume alilolifuata Mpwapwa, anunue mabati ya vyumba vyote kwa mkupuo kabla wapangaji hawajafika.

"Njooni mseme naye," akasema. "Akiwauza hawa, hatakuwa na kitu cha kumtoa kitandani asubuhi."

Nilielewa. Ng'ombe hao ndio waliotupeleka shule, na kwetu mzee asiye na ng'ombe hata kwenye mkutano wa kijiji hukaa nyuma. Jumapili hiyo hiyo tukaenda, Evarista nyuma ya pikipiki yangu na begi la kompyuta kalikumbatia. Tuliposimama kujaza mafuta aliniambia makadirio yamekamilika na watu wa Migungani wanapungua, tena si kidogo. Miaka ishirini ikiisha watakuwa wamebaki wazee wachache na wajukuu walioachiwa. Nikamwambia basi asiyaseme hayo, aseme watu wanakuja ila wamechelewa, aseme wanangoja barabara kwanza, abuni chochote. Akanijibu kwamba hiyo "wanakuja" aliyomwachia baba aiamini ndiyo inayouza ng'ombe sasa hivi. Nilimkasirikia sana. Umesoma kote huko, nikamwambia, umeshindwa kujifunza uongo mdogo wa kumwambia baba yako. Akalivuta begi lake kifuani, tukaendelea na njia.

Tulimkuta baba zizini. Tukamwamkia, akafurahi, akamwita mama kwa sauti ya mtu aliyepata wageni wakubwa. Mama akatupikia ugali wa uwele na mlenda, tukala mpaka tukamaliza, kwa sababu kwetu habari nzito haipelekwi kwa mtu mwenye njaa. Vyombo vilipoondolewa Evarista akaweka kompyuta yake juu ya kigoda, akamwonyesha baba ramani. Panapoongezeka watu pamepakwa nyekundu, na kadiri wanavyozidi wekundu unakolea. Panapopungua pamepauka. Baba akawa anapitisha kidole pole pole, akiuliza hapa ni wapi na hapa ni wapi, na Evarista anamtajia: Mtumba, Ihumwa, Nzuguni, zote nyekundu kama damu ya kuchinjia.

"Na sisi?" baba akauliza.

Evarista akamshika kidole akakisogeza mpaka mahali palipopauka kabisa.

"Hapa watapungua, baba. Mji unakwenda upande wa mawio. Huku hauji, si katika miaka ninayoweza kuihesabu mimi."

Baba hakukiondoa kidole pale. Kisha akauliza wanapungua namna gani, maana yeye hakuona msiba mkubwa wala njaa. Evarista akamweleza kwamba vijana wanahama, watoto hawazaliwi kwa sababu ambao wangewazaa wamehama, na wazee nao. Hapo akasita.

"Wazee nao wanafanyaje?"

"Wanapumzika, baba."

"Mimi nimo humo ndani?"

"Kila mtu yumo."

"Hiyo miaka ishirini ikiisha, bado nimo?"

Evarista akaitazama kompyuta. Hesabu zake zinajua la kufanya na mwanamume wa umri wa baba. Zinamtoa kidogo kidogo kila mwaka, kipande cha mtu baada ya kipande, mpaka anakwisha. Alikuwa ameshanieleza hivyo siku moja tukiwa tunakunywa soda, na tukacheka. Siku hiyo aliifunika kompyuta akaanza kulia mbele ya baba, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tukiwa wadogo, na aliyempa mwenzake pole akawa ni baba. Akamwambia asilie, kazi yake ameifanya vizuri. Kisha akainuka akaenda kuwapeleka ng'ombe kunywa maji, na walikuwa wameshakunywa.

Hakuwauza. Mchuuzi alipokuja alimpa chai akamrudisha. Mama akashukuru, na mimi nikajisemea kumbe dada alikuwa sahihi. Lakini kabla mwezi haujaisha baba akaanza kuwawekesha. Sisi hatuweki mifugo yetu yote zizi moja: ndugu huyu unampa wawili, rafiki yule mmoja, anakutunzia na maziwa anakunywa yeye, ili ugonjwa ukiingia kwako wapone walioko kwa wenzako. Kila mwenye ng'ombe anafanya hivyo kwa baadhi yao. Baba aliwawekesha wote. Wa mwisho alimpeleka kwa rafiki yake Obedi wa kijiji cha pili, akarudi na kamba tupu mkononi, na jioni hiyo, mama aliniambia, hakwenda kulifunga lango la zizi. Mama akaogopa. Kwetu anayetoa ng'ombe wote namna hiyo anaaga.

Evarista akamwomba aje mjini akae kwake Iyumbu, apumzike. Kwa mshangao wetu akakubali. Mama ndiye aliyekataa. Alisema yeye hakuna mtu aliyemwahidi mji, atabaki na kuku wake na kanisa lake.

Nyumba ya dada ni nzuri, nimeijenga mimi. Ina maji ndani, ina baraza, ina kila kitu isipokuwa mtu wa kukaa humo mchana. Evarista anaondoka alfajiri anarudi giza limeingia, na mimi nilikuwa napita Jumapili nisipokuwa na kazi, na mara nyingi nilikuwa na kazi. Siku za kwanza baba alikaa barazani ameshika tama. Halafu jirani mmoja akamweleza Evarista, kwa upole, kwamba mzee wake ana mambo kidogo. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba ndefu ya wapangaji, watumishi wa wizara na wanafunzi wa chuo. Kumbe kila asubuhi baba alikuwa anavuka, anasimama mlangoni kwa kila mmoja, anawaambia "mbukwa" kwa salamu yetu ya Kigogo, na kuwauliza wametoka wapi. Mmoja anasema Kagera, mwingine Mbeya, mwingine Tanga. Naye anawajibu, "Poleni na safari." Wengine walikuwa wameshakaa hapo miaka.

Evarista alipomuuliza anawatakia nini watu wa watu, baba alishangaa kuulizwa.

"Si ndio hawa?" akasema. "Nilitaka kuwaona tu."

Dada alinisimulia hayo kwenye simu na hakuweza kumaliza. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi, watu wananisubiri na zege, nikamwambia amwache mzee ajichangamshe. Roho iliniuma, lakini nilikuwa na zege.

Kati ya wapangaji hao kulikuwa na kijana anaitwa Brighton, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye adabu zake. Yeye alikuwa anakaa na baba kwenye kizingiti kabla ya kwenda kazini, anamsikiliza. Baba akamweleza habari za vyumba vyake, na zizi, na kile cha kona kinachopata upepo kutoka pande zote mbili. Brighton akamwambia, "Mzee, hicho cha kona niwekee mimi. Nitakuja." Ni neno ambalo yeyote kati yetu angelisema. Mzee akikukaribisha kwake humjibu kwamba ni mbali au kwamba huna nafasi, unamwambia nitakuja, na yeye anajua, na wewe unajua, na mnaagana vizuri. Baba alikuwa mtu mzima aliyeyajua hayo kuliko sisi sote. Kesho yake alifunga kimfuko chake akapanda gari la kurudi Migungani.

Safari hii alipoomba nije kuezeka nilikwenda. Nadhani nilikwenda kwa sababu ya hasira, ili nikamweleze ukweli uso kwa uso. Kuna mteja wangu alibakiwa na mabati akanipa, nikayafunga kwenye gari la mizigo, Jumamosi asubuhi nikawa juu ya chumba cha kona nagongelea, na baba chini yangu ananipa misumari. Nilivumilia mpaka bati la tatu. Nikamwambia, baba, Eva amekueleza na ramani umeiona. Hakuna anayekuja kukaa hapa. Yule kijana alikuwa anakuheshimu tu.

Alininyooshea misumari mingine.

"Filipo," akasema, "wapangaji mimi nitawafanyia nini? Mimi nilidhani mji ukifika hapa, ninyi mtakuwa mko nyumbani."

Nilibaki nimechuchumaa pale juu na nyundo mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaviangalia vile vyumba nikaona nilichokuwa sikioni miaka yote nilipokuwa nafanya mzaha. Mzee hakuwa amepumbazwa na mpima ardhi. Alikuwa na watoto wawili waliofuata mji, basi akauandalia mji mahali pa kufikia ili urudi nao. Nilitaka kushuka nimkumbatie, na sikushuka. Nilijikaza nikagongelea bati lililofuata, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na kwa sababu ningeshuka ningelia. Jioni chumba kilikuwa kimekwisha. Akakizunguka, akanisifu kazi, akanipa jogoo nimpelekee Evarista.

Basi akawa anamngoja Brighton. Mama anasema alikifagia kile chumba kila siku. Halafu akachukua kitanda chake mwenyewe, kile cha mninga alichokuwa amelalia tangu walipooana, akakihamishia huko, na yeye akawa analala chini, juu ya ngozi. Mvua za kwanza zilipoanza kifua kikambana. Mama akanipigia, nikamwambia tunakuja kumchukua tumpeleke hospitali mjini. Baba akachukua simu akasema haiwezekani, mgeni anaweza kufika akakuta mlango umefungwa, itakuwa aibu gani hiyo.

Nilikwenda Iyumbu nikiwa na maneno makali mdomoni. Nilimkuta Brighton anapiga pasi shati. Mwanzoni hakukumbuka, kisha akakumbuka, na nikamwona uso unabadilika. Akaniambia, "Kaka, Jumamosi nitakwenda. Safari hii kweli." Nilitaka kumfokea. Lakini ningemfokea kwa neno gani ambalo mimi sikuwahi kulisema kwa mzee yule yule, mwaka hadi mwaka, tena mimi ni mwanawe? Nilimshukuru tu. Tukampigia baba hapo hapo, Brighton akaongea naye mwenyewe, na baba, zizi lake likiwa tupu, akamuuliza kama anakunywa maziwa mabichi au ya mtindi.

Baba alifariki Alhamisi asubuhi. Mama alikuwa ameamka kuwasha moto, akamsikia anakohoa, akaja kumpa maji ya uvuguvugu akamkuta ameketi ameegemea ukuta, kanga ya mama mabegani, ametulia. Hakuna zaidi ya hapo la kusimulia.

Tulimzika Jumamosi. Brighton alikuja siku ile ile aliyoahidi, na hakuja peke yake, alikuja na wapangaji wenzake wote wa ile nyumba ndefu, walichanga wakakodi basi dogo la Kosta. Walikuja pia watu wa Migungani walioko Dodoma, walioko Dar es Salaam, walioko Makutupora, watu ambao sikuwa nimewaona tangu tukiwa shule, kila mmoja anasema, "Mzee alikuwa ananiambia nije." Magari yalijaa mpaka kisimani. Usafiri wa kurudi usiku haukuwepo na mvua ilikuwa inatishia, tukatandika maturubai juu ya zile kuta zisizo na paa, watu wakalala humo, milango inatazamana. Brighton nilimpa kile cha kona. Alikataa kulala kitandani. Asubuhi nilikuta kitanda hakijaguswa na yeye yuko chini.

Jumapili walianza kuondoka, mmoja mmoja, halafu kwa makundi, na Jumatatu asubuhi maturubai yalikuwa yameshakunjwa. Tukabaki mimi, dada na mama. Evarista alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha kona, simu yake inaita, ofisini wanamtaka kikaoni mchana. Ya kwangu nayo ilikuwa imeshaita, saiti wananisubiri. Tulikuwa tumekubaliana tuondoke kabla jua halijawa kali.

"Filipo," akaniambia, "wale wanaohama Migungani niliwapata kwa wastani. Kwa kila mia wanaondoka wangapi. Niliandika, nikakagua, nikaandika tena. Sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba ni mimi na wewe."

Nikakaa karibu naye. Tulipanga namna ya kumwambia mama aje mjini. Yeye ataanza, mimi nitamalizia, tutamwambia kuna maji ndani, kuna kanisa karibu. Tulikuwa bado tunapanga mama alipotokea jikoni, mikono ina unga, akasimama mbele yetu. Hakuwa amelia tangu Alhamisi, au alikuwa analia mahali ambapo hatukumwona.

"Mnaondoka leo au kesho?" akauliza.

Aliuliza bila lawama yoyote, kama mtu anayetaka kujua apike kiasi gani. Nilimtazama dada, na dada akanitazama. Begi lake lilikuwa limeshafungwa kwenye pikipiki, na mama alikuwa ameshaliona.

"Kesho, mama," Evarista akasema, na akaizima simu.

Mama akaitikia kwa kichwa. "Haya," akasema. Akarudi jikoni, na tukamsikia anaongeza unga.